Matao ya Paolozzi
Katika miaka ya 1980 Eduardo Paolozzi alizivika kuta za kituo cha treni cha Tottenham Court Road, London, vigae vidogo vya kioo. Saksafoni, magurudumu yenye meno, rangi zinazogombana: mtaa wa juu, na muziki wake na maduka yake ya vifaa vya umeme, umeshushwa chini ya ardhi. Kazi hii hukamilishwa na mwendo wa abiria, kama utenzi ukamilishwavyo na mghani. Kwa hiyo kosa la 2015 ni zito. Kituo kilipopanuliwa, matao ya juu ya ngazi za umeme yalibomolewa, vipande vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika mji alikozaliwa msanii. Vimehifadhiwa, naam, lakini mshororo ulionyofolewa katika ubeti hauna kina cha kuitikiana nacho. Kuta za majukwaani zimebaki, na anayeshuka leo huzikuta ghafla, bila kukaribishwa.