Kumpa Ndege Nchi Yake: Mwongozo wa Kupima Picha za Ndege wa Porini

Kupata picha ya ndege isiyo na ukungu si kazi kubwa tena. Tangu mwaka 2020 hivi zimeenea kamera zinazotambua jicho la ndege zenyewe na kulifuata hata akiwa angani. Mtu aliyefika Serengeti kwa mara ya kwanza aweza kurudi na mamia ya picha ambazo kila unyoya unahesabika. Kwa hiyo kipimo cha zamani hakitoshi. Tulizoea kuuliza kama mpiga picha amemnasa ndege. Sasa tuulize amemweka wapi, amempata vipi, na ametuonyesha nini ambacho kitabu cha kutambulia ndege hakionyeshi.

Msimamo wangu ni huu: picha bora ya ndege wa porini humwonyesha ndege pamoja na nchi inayomlisha, na hupatikana bila kumsumbua yeye wala kumdanganya mtazamaji. Yafuatayo ni mambo ya kukagua, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Jicho na mkao

Anza na jicho, lakini usikae hapo muda mrefu. Litafute doa dogo la nuru ndani yake. Likikosekana, ndege mzima huonekana amekufa hata kama manyoya yako wazi. Kisha angalia kama jicho lina utando wa rangi ya maziwa. Ndege ana kope la tatu linalopita juu ya jicho kufumba na kufumbua, na picha iliyopigwa wakati huo haifai, hata mengine yote yakiwa sawa. Mpiga picha makini huiondoa kabla hujaiona.

Kwa ndege anayeruka, tazama mabawa. Yakiwa juu kabisa au chini kabisa, umbo husomeka. Yakiwa yamelala usawa wa mwili, ubavu hufichika na ndege hugeuka mstari. Tazama pia anaelekea wapi. Ndege hupaa na kutua akiukabili upepo, kwa hiyo anayejua kazi hujipanga upepo na jua vikiwa mgongoni mwake, naye ndege humjia kwa mbele. Mfululizo wa picha za mikia na migongo unaonyesha kwamba mpiga picha hakuusoma upepo, au alimkimbiza ndege.

Mwanga wa ikweta

Katika nchi zetu jua hupanda karibu wima. Mwanga laini wa pembeni huanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa tatu umekwisha. Baada ya hapo kivuli huanguka chini ya domo na juu ya macho, na ardhi iliyopata moto hurusha hewa inayocheza. Hewa hiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi za mbali: kingo za manyoya huyeyuka, miguu hupinda, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuirekebisha. Ukiona mbuni wa mbali mwenye miguu ya mawimbi, jua mpiga picha alichelewa, au alipaswa kusogea.

Mtihani mzuri wa mwanga ni furukombe. Kichwa na kifua chake ni vyeupe kabisa, tumbo ni la hudhurungi, mabawa ni meusi. Ukipimia weusi, weupe huungua na kubaki doa tupu; ukilinda weupe, weusi huwa shimo. Katika picha iliyopimwa sawasawa utaona mistari ya manyoya shingoni na pia mpangilio wa manyoya makubwa ya bawa. Ukipewa kazi za mtu usiyemjua, omba picha yake ya furukombe au ya yangeyange kwanza. Hapo utamjua haraka.

Rangi nazo zina sheria zake. Buluu ya kambu haitokani na rangi iliyomo kwenye unyoya. Hutokana na muundo mdogo mno wa unyoya unaotawanya mwanga. Mng'ao wa chozi pia hutokana na muundo, nao hutegemea pembe ya jua: pembe ikikosewa, ndege wa zumaridi huonekana mweusi. Basi chozi anayeng'aa koo lote ni ushahidi wa subira, maana mpiga picha alingoja ndege ageuze kichwa. Shorobo ni tofauti. Wekundu wa mabawa yake ni rangi halisi yenye shaba ndani yake, na hubaki mwekundu hata kwenye kivuli cha msitu.

Kwa kujua hayo unaweza kugundua rangi zilizopakwa kwenye kompyuta. Kagua nyasi na anga kabla ya ndege; mwenye kukoleza rangi husahau kwamba na majani yatakolea. Kwa heroe, tazama kundi zima. Heroe mdogo ana waridi lililokolea na domo jekundu la giza, heroe mkubwa ni mweupe zaidi, na wachanga wa wote wawili ni wa kijivu. Kundi la kweli huwa na daraja za rangi. Kundi lenye waridi moja toka mwanzo hadi mwisho limepitia mikononi mwa mtu.

Nchi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu ndipo wapiga picha wanapoachana.

Chukua karani, yule ndege mrefu mwenye manyoya meusi yaliyosimama kisogoni. Picha ya uso wake peke yake hupendeza, kwa ngozi ya rangi ya chungwa kuzunguka macho na kope zake ndefu. Lakini karani ni mtembeaji. Huwinda kwa miguu, akipekua nyasi na kuwaua nyoka na panzi kwa mateke. Picha iliyomkata kifuani imeacha nje kazi yake yote. Iliyo bora humfanya mdogo, nyasi zikimfika gotini, na mbele yake pameachwa uwanja wa kuendea. Udogo huo haumpunguzii heshima. Unatuonyesha ukubwa wa shamba lake.

Chukua pia korongo taji wa Amboseli. Wengi huweka Kilimanjaro nyuma yake kama pambo. Uliza mlima una kazi gani katika picha. Vinamasi anamolisha korongo huyo hupata maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlima huohuo, kwa hiyo picha yenye kilele, maji na ndege, vyote vikisomeka, imeeleza jambo la kweli kuhusu maisha yake. Nayo haipatikani mchana, kwani mawingu huufunika mlima mapema. Mtindo wa siku hizi wa kuifuta nchi nyuma mpaka ibaki rangi moja laini unafaa kwa picha chache. Ukitawala albamu nzima, huwezi kujua kama ndege alikuwa Mara, Mikumi au kwenye bustani ya wanyama.

Ziwa Natron ndilo kipimo kigumu kuliko vyote. Ndilo zalio kuu la heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na kinachowalinda ni ukali wa magadi yake. Mwaka 1954 Leslie Brown, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, alijaribu kuvifikia viota kwa miguu kupitia tope lile. Miguu yake iliungua vibaya hata akalazwa hospitali. Picha ya Natron yenye waridi na uzuri tu haijafika. Nataka nione ukoko wa magadi, maji mekundu, joto, na umbali unaowazuia maadui.

Nchi hubadilika pia, na picha yenye nchi huwa ushahidi. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda, na kufikia kimo cha kutisha mwaka 2020, Nakuru ilipungua chumvi, heroe wengi wakahamia kwingine, Bogoria ikiwemo, na migunga ya ukingoni ikafa imesimama majini. Picha za zamani zenye ufuko mzima wa waridi, mlima na miti nyuma, sasa ni kumbukumbu ya nchi. Zile za uso wa heroe mmoja zingeweza kupigwa popote.

Baada ya kumwona ndege, pita kwenye kingo za picha. Mjuzi wa nguo za kanga haridhiki na mji wa katikati. Hukagua pindo pande zote nne, na picha ikaguliwe vivyo hivyo. Tawi lililokatwa ovyo, bawa la ndege mwingine linalochungulia, doa jeupe la anga kwenye kona, yote huvuta jicho nje. Mstari wa upeo usipite shingoni mwa ndege, na uso wa ziwa usiiname.

Mwisho, tafuta kamera ilikuwa kimo gani. Picha iliyopigwa kutoka paa la gari humtazama ndege kwa juu na kumbandika kwenye nyasi. Kwa kuwa hifadhini hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, mpiga picha mwenye maarifa hushuka mpaka dirishani, akaegemeza lenzi hapo. Upeo hurudi mahali pake, na ndege husimama juu ya ardhi yake.

Dalili za usumbufu

Mwili wa ndege hausemi uongo. Shingo iliyonyooshwa, manyoya yaliyobana mwilini na miguu iliyokunjwa tayari kuruka ni alama za hofu. Ndege mwenye chakula mdomoni ambaye hakiingizi kiotani huenda anangoja mtu aondoke. Majani yaliyofungwa au kukatwa kuzunguka kiota, makinda yakipigwa na jua, ni kosa linalotosha kuitupa picha, kwa sababu hufungua njia pia kwa kunguru na nyoka. Kundi la heroe lililoruka lote kwa pamoja, likionekana kutoka juu, lizue swali: ni chombo gani kilichowarusha? Katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania droni haziruhusiwi bila kibali.

Utulivu nao huonekana. Kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, anayekaa kimya maji yakijaa huletewa vitwitwi na maji yenyewe. Ndege hao huonekana wakijichambua, wamesimama mguu mmoja, baadhi wamelala. Ndege anayelala mbele ya kamera ametoa cheti ambacho hakuna mwamuzi anayeweza kukizidi.

Ukweli wa maelezo

Kwenye Ziwa Naivasha ni jambo la kawaida waendesha boti kumrushia furukombe samaki ili aje kunyakua karibu na wageni. Picha zake huvutia, lakini si picha za uwindaji wa porini, na maelezo yake yaseme hivyo. Mpiga picha Nick Brandt alionyesha mwaka 2013 picha za ndege waliokauka kwa chumvi ya Natron. Alisema wazi kwamba aliwaokota wakiwa wamekufa, akawaweka katika mikao ya walio hai. Walioeneza kwamba ziwa huwageuza wanyama kuwa mawe papo hapo waliacha maneno hayo nje. Kazi ilikuwa na ukweli. Usambazaji ndio uliokosa. Kwa hiyo soma maelezo kabla ya kutoa hukumu: mahali, majira, kama kulikuwa na chambo, kama sauti ya ndege ilichezwa kumvuta, na nini kimeondolewa kwenye kompyuta.

Kutoa hukumu

Itazame picha mara mbili, kwanza ikiwa ndogo kwenye simu, kisha ikiwa imechapwa kubwa. Ndogo hufichua mpangilio. Kubwa hufichua uvivu. Halafu uliza kwa mfuatano: ndege yuko hai jichoni? Mwanga umemtendea haki? Nchi imesema jambo? Ndege ana amani? Maelezo ni ya kweli? Makosa katika maswali matatu ya kwanza hupunguza alama. Kosa katika mawili ya mwisho huitoa picha nje ya shindano.

Nguvu ya kubadilisha kazi hii iko mikononi mwa wanaonunua na wanaotunza: wahariri wa magazeti, wenye hoteli, wachapaji wa kalenda, waamuzi wa mashindano. Mpiga picha huleta kile kinacholipiwa. Tukilipia nyuso kubwa zisizo na mahali, tutaletewa hizo. Tukiwapa zawadi waliongoja upepo, maji na asubuhi, ndege wetu wataonyeshwa wakiwa nyumbani kwao, na wataachwa humo salama.