MO5: Tafuta Mtu Kwanza, Mashini Baadaye

Huko Ufaransa kuna watu wenye kutafuta mpaka leo Thomson MO5, ordinateri ya nyumbani yenye ilitoka mwaka 1984. Memori yake ni kilo-okteti 48 tu. Picha moja ya telefone yako haiwezi kuingia mule. Wengi watasema: ya nini kujisumbua? Emulateri iko, yaani programu yenye kuiga mashini ya zamani ndani ya ordinateri ya leo. Unaiweka, unacheza, basi. Mimi hiyo "basi" naikataa.

Emulateri ina kazi yake, nakubali. Imeokoa programu nyingi zenye kaseti zake zimeharibika. Lakini tuangalie kalamu ya mwanga. Kwa mashini za Thomson, mtoto aligusisha kalamu kwenye kioo cha televizio, na mashini ikajua pahali amegusa. Namna gani? Televizio ya zamani, ile nzito yenye mgongo, inachora picha kwa nukta moja yenye kukimbia mstari kwa mstari. Kalamu inaona nukta ikipita, mashini inahesabu wakati. Televizio bapa ya leo haichori hivyo, kwa hiyo kalamu inakuwa kipofu. Emulateri inakupa kipanya pahali pa kalamu. Programu inatembea, ndiyo, lakini si kitu kile kile.

Basi mwenye kutaka MO5 kamili hatafuti kitu kimoja. Anahitaji kalamu, televizio yenye mgongo, na kinasa-kaseti chake chenyewe, ju kile cha kawaida cha muziki hakielewani nayo. Thomson iliacha kutengeneza ordinateri zamani. Vile vitu vimebaki kwa watu: mwalimu mustaafu, fundi wa redio, jirani mwenye kabati imejaa. Na ni watumiaji wenyewe ndio walitengeneza kifaa cha kuisomesha MO5 kadi ya memori pahali pa kaseti. Bila wao, mashini ni plastiki tu.

Hapa ndipo naulaumu mpango wenye ulieneza MO5. Januari 1985, Waziri Mkuu Laurent Fabius alitangaza "Informatique pour tous": mashini 120,000, shule 50,000, walimu 110,000 wa kufundishwa. Darasani MO5 ziliunganishwa kwa waya na ordinateri moja kubwa yenye kuzigawia programu. Kwenye karatasi, mpango mzuri sana. Lakini mafunzo ya walimu yalikuwa mafupi, na kisha miaka michache mashini nyingi ziliingia kabatini. Walihesabu vyombo vizuri. Watu wa kubaki navyo, hawakuwahesabu vya kutosha.

Na sisi je? Kongo tunapokea ordinateri zenye zimetumika Ulaya. Tunauliza bei, tunauliza memori, tunafunga biashara. Chaji ikikufa, au programu ikikataa, tunaanza kuzunguka muji wote peke yetu, na mwisho mashini inakuwa pahali pa kuweka vikombe.

Wale wa MO5 wako na mashini dhaifu kuliko zetu, lakini zao zinatembea, ju kila mumoja anajua mwenzake iko na nini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza: hapa kwetu, nani mwingine iko nayo?