Mbegu Ndani ya Kitenge

Jared Diamond, katika Guns, Germs, and Steel (1997), anauliza kwa nini watu wengine walitangulia. Jibu lake ni jiografia, wala si akili za watu. Hapo nakubali. Ulaya na Asia zimelala mashariki-magharibi, ngano ikasafiri ndani ya majira yaleyale. Afrika imesimama kaskazini-kusini: ngano ilifika Ethiopia ikakwama na joto la tropiki, hadi Wadachi walipoipanda kwenye Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1650.

Sawa, lakini mtama je? Ulianzia upande wa Sudani, ukavuka ikweta na wakulima wa lugha za Kibantu mpaka kusini. Diamond anawaandika, ila kwake mazao ndiyo yanatembeza watu. Mimi naona watu ndio walitembeza mazao, wakayajaribu udongo kwa udongo.

Kijana wa kikundi chetu aliniuliza: "Kaka, basi sisi tulishindwa na ramani?" Hapana, mdogo wangu. Mama zetu walivuka ziwa na maharage ya mbegu yamefungwa kwenye kitenge. Msimu uliofuata tulikula. Hilo kitabu hakikulipima.