Gisenyi Si Bujumbura

Filamu ya Petit Pays ya Eric Barbier (2020) imenikaa kooni kwa jambo moja, na waigizaji hawamo. Isabelle Kabano, anayemwigiza Yvonne, mama wa mtoto Gaby, anastahili kila sifa aliyopewa. Kamera kushushwa hadi kimo cha mtoto ni sawa. Tusonge.

Kosa ni lokesheni. Riwaya ya Gaël Faye (2016) ni ya Bujumbura, filamu ikapigwa hapa kwetu Gisenyi, Rwanda. Najua, machafuko ya Burundi tangu 2015 hayakuruhusu kupiga kule, na simlaumu Barbier kwa kuhama mji. Namlaumu kwa kutuletea Kivu akiiita Tanganyika, kana kwamba ziwa ni maji tu. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika haifiki 780. Karibu mita 700 hizo zinabadili kila kitu mbele ya lenzi: mwanga, jasho la shingoni, hata mwendo wa mtu saa nane mchana. Jioni ya Gisenyi inadai sweta. Bujumbura viboko hutoka ziwani usiku wakala nyasi hadi kandokando ya barabara. Kivu haina kiboko wala mamba. Mtoto yeyote wa mtaa wetu wa Mbugangari angemwonya Barbier: ukigeuza kamera kaskazini kidogo tu, volkano ya Nyiragongo inakuumbua.

Dawa ilikuwamo kitabuni. Dunia ya Gaby ni kichochoro kisichotokea popote, kule Kinanira, mtaa wa Bujumbura: kuta, bustani, na Kombi bovu la Volkswagen wanamojificha watoto. Vita anavisikia kabla ya kuviona. Basi bana fremu, futa upeo, iachie sauti kazi. Mtazamaji asiyeona mwisho wa ukuta hatakuuliza ziwa liko wapi.

Ugonjwa huu wa kuupa mji mmoja jina la mwingine ni wa zamani, nami sichoki kuusema. Hotel Rwanda (2004) kwa sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, tukaambiwa ni Kigali. Mwaka uliofuata Raoul Peck akaleta Sometimes in April, aliyoipiga Rwanda kwenyewe, na vilima vikawa vilima vyetu. Na Bujumbura halisi ya utoto wa Gaby ipo kwenye filamu: Léonce Ngabo aliiweka katika Gito l'ingrat, 1992. Kabla ya kusimamisha kamera hata moja, Barbier alipaswa kuitazama ile, aorodheshe yote ambayo Gisenyi haiwezi kuyaigiza, kisha ayaache nje ya fremu.