Ustadi wa Mchekeshaji wa Ngoma

Watu wengi wakisikia kwamba fulani ni mchekeshaji wa ngoma humdhania kuwa ni mtu aliyeshindwa kuwa fundi wa ngoma yenyewe, akaona afadhali achekeshe kuliko achekwe. Na dhana hii, ijapokuwa imeenea mijini na mashambani, mimi naiona ni dhuluma kwa watu ambao, katika nchi ya Unyamwezi na katika njia ile ndefu itokayo Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, wamekuwa siku zote ndio wenye masikio makali kupita wenzao. Kwani wimbo mzuri huweza kuimbwa na mtu aliyejaliwa sauti pasipo yeye mwenyewe kujua alitendalo, lakini wimbo wa mzaha hauimbiki ila na ajuaye barabara jinsi wimbo wa kweli ulivyo, na mahali hasa pa kuupinda, ili msikilizaji atambue kuwa umepindwa kwa makusudi wala haukupotoka kwa bahati mbaya.

Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na mwenziwe Speke, ametuachia katika kitabu chake cha safari habari za makelele ya wapagazi ambayo hakuyapenda hata kidogo, na kwa kutoyapenda ametufaa sana, maana mtu aliyeudhika haachi kutaja hata kitu kimoja. Anatueleza kwamba mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amejitanda joho jekundu, na ngozi ya mbega, na manyoya ya ndege kichwani, amechukua bendera nyekundu, na nyuma yake mtu wa kupiga ngoma. Kisha wakafuata wachukuzi wa pembe za ndovu, na pembe zile zimetiwa kengele zilizolia kwa kila hatua. Na njia nzima ilikuwa ni kupiga mbinja na kuimba, na kulia baragumu, na kuiga sauti za ndege na za wanyama wa mwituni, na kukariri maneno ambayo hayasemwi popote ila safarini. Hata yeye mwenyewe hakusalimika, kwa kuwa wapagazi walimtungia wimbo, wakamwita mzungu mbaya, na wakaahidi humo kwamba watamfuata vivyo hivyo na ubaya wake madhali anawalisha vizuri. Naye akaufahamu, na kwa hisani yake, au pengine kwa majivuno yake, akautia kitabuni.

Sasa na tuutazame ufundi uliomo humo. Mpagazi alijitwika mzigo wa frasila 2, yaani ratili 70 hivi, na pumzi yake ilikuwa imekwisha kugawanywa baina ya miguu na mabega, basi neno la kuchekesha halikuweza kuwa refu, wala halikuweza kuangukia mahali popote tu: ilimlazimu kiongozi wa wimbo alitangulize fumbo lake wakati hatua inapopanda, na alifumbue pale ambapo wote wana pumzi ya kuitikia, kwa sababu akikosea kwa hatua moja kicheko huja nusu, na mwenye kucheka nusu huku amejitwika pembe ya ndovu hujikwaa. Huyo ndiye hakimu aliyewafunza mabwana hawa sanaa yao, na mimi sijui chuo cha muziki chenye mtihani mkali kuliko huo.

Lakini sauti na mizani havikutosha. Ilitakiwa na ruhusa. Ruhusa hiyo katika nchi yetu ni utani, ambao misafara iliueneza au kuutia nguvu baina ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, kama vile Wazaramo, hata mgeni akapata kumtukana mwenyeji, na kumnyang'anya kitu chake, na mwenyeji asiwe na la kufanya ila kucheka na kulipiza. Na ambaye hajapata kumwona mtani kazini msibani hajauona ustadi huu katika ukamilifu wake: watu wamekaa matangani na vilio havijakauka, naye huingia akitembea kwa mwendo wa marehemu, akikohoa kikohozi chake, akiimba wimbo alioupenda kwa sauti ile ile aliyokuwa akiikosea, na wafiwa, ambao ndio wanaomjua marehemu kuliko watu wote, hucheka wasipende. Angekosea kuiga hata kwa kitu kidogo, hapo ingekuwa fedheha, na utani wenyewe usingemkinga.

Ndipo ikaja ngoma ya beni, na hapo ustadi wa zamani ukapata vazi jipya. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana wa mjini walipozisikia bendi za Kizungu za kijeshi; ikateremka Tanga na Dar es Salaam, ambako ilijigawa vyama viwili vyenye kushindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kusutana, Marini na Arinoti; na vita vya 1914 vilipowatawanya askari na wapagazi katika nchi nzima, nayo ikasafiri pamoja nao hadi bara. Tabora, ambayo reli iliifikia mwaka 1912, na ambayo Wabelgiji waliiteka kutoka kwa Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916 kabla haijaingia mikononi mwa Waingereza, ilikuwa imesikia gwaride za mataifa matatu katika muda usiotimia miaka kumi, na kwa hiyo haikuwa na haja ya kuhadithiwa Mzungu anavyotembea.

Katika beni palikuwa na Kingi, na majenerali, na madaktari, na wanawake wenye vyeo vyao, na nidhamu iliyokuwa kali kama ya kambini. Na wako waliosema kwamba huko kulikuwa ni kuwatukuza Wazungu tu, na wako waliosema ni kuwadhihaki tu, na maafisa wa Kiingereza baada ya vita hawakujua waamini lipi, wakafanya uchunguzi wakihofia njama. Terence Ranger, aliyeitungia beni kitabu kizima mwaka 1975, ameonyesha kwamba mambo yaliyomo ni mengi kuliko hayo mawili. Nami nasema, kwa upande wa ufundi, kwamba mtu hawezi kumdhihaki sajini ila kwanza aweze kupiga saluti ambayo sajini mwenyewe asingeikatalia, na wengi wa wachezaji hao walikuwa wameivaa nguo ya askari na kuonja kiboko cha gwaride, hata walipomrefusha bwana mkubwa kidogo tu kifua, au kuichelewesha ngoma kwa kiasi cha kupepesa jicho, mtazamaji aliona papo hapo kilichoongezwa. Na pale tarumbeta ya shaba isipopatikana, kama kandokando ya Ziwa Nyasa, wakachukua kibuyu, wakakitoboa tundu wakaliziba kwa utando wa buibui, wakatoa mlio wa bendi nzima. Clyde Mitchell, aliyeandika mwaka 1956 habari za ngoma ya kalela katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, aliwakuta humo mfalme na daktari na muuguzi wakiendelea na kazi zao, wamevaa nadhifu kupita kiasi.

Ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo wa 1956, tarehe 13 Novemba, Waingereza walikusanyika katika ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London kuyafanya mambo ya jinsi hiyo hiyo, walipoitwa na mchora vibonzo Gerard Hoffnung kwenye tamasha la kuucheka muziki wa heshima. Malcolm Arnold alitunga kwa ajili ya usiku ule muziki wa okestra uliotia ndani mashine 3 za kufyonza vumbi, na 1 ya kung'arisha sakafu, na bunduki 4; na Dennis Brain, ambaye hapakuwa na mpiga baragumu wa kumshinda Uingereza nzima, akasimama akapuliza mpira wa kumwagilia bustani, akautoa muziki wake sawasawa. Baadaye Les Dawson aliwachekesha watu katika televisheni kwa kupiga piano na kuziharibu nota chache alizozichagua, na vidole vyake vikajulisha kwamba angeweza kuzipiga zote bila kosa. Nawastahi wote hao. Walakini sioni haya kusema kwamba kibuyu cha beni kilikuwa na kazi nzito kuliko mpira wa Brain, kwa kuwa watu wa London walikuwa wakijicheka wenyewe, ilhali mcheza beni alimcheka mtu aliyeweza kumfunga asubuhi yake.

Mambo ya namna hii hayakuishia kwa askari. Kwa ndugu zetu Wasukuma, kaskazini ya Unyamwezi, vyama vya Wagika na Wagalu hushindana baada ya mavuno, na kanuni yao haina huruma: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemwendea wengi zaidi. Kwa hiyo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hatoki na wimbo peke yake. Hutoka na nyoka, na fisi, na nungunungu, na sanamu za miti zenye viungo vya kuchezesha, ili amvute mtazamaji aliyekwisha kutia guu moja upande wa pili. Wako wanaosema mambo haya ni hila, si muziki. Lakini nyoka huvuta watu kwa muda mfupi tu, kisha wakimzoea hugeuka kutazama kwingine, na hapo manju hubaki na ulimi wake na sikio lake, amtungie mpinzani beti ya kejeli pale pale, kwa mahadhi ambayo mpinzani mwenyewe ndiye aliyetoka kuyaimba, watu wapate kurudi. Na wasiporudi, hukusanya nyoka wake akaenda zake, akimlalamikia mganga aliyemuuzia dawa.