Chumvi Haiandiki Peke Yake

Katika semina zetu za nadharia, swali la nani mwenye kazi ya sanaa haliishi kuleta ubishi. Tangu Roland Barthes alipotangaza mwaka 1967 kwamba mwandishi amekufa, wapo wenzetu wanaoona kila kitu kiko mikononi mwa msomaji. Wengine bado wamemng'ang'ania mtunzi. Makala hii inalipeleka swali hilo mahali ambapo hatukulizoea: kwenye kazi za sanaa ambazo msanii huzianza tu, halafu akaiachia chumvi, maji na wakati vimalizie. Hoja yangu ni kwamba tunaposema "haya yamefanywa na maumbile", mara nyingi tunawafuta watu waliokuwamo.

Niseme mapema kwamba kazi ninazozihakiki sikuzifikia kwa miguu. Nimeziona katika picha, na mojawapo katika filamu. Kwa sisi tunaosoma fasihi simulizi hilo si jambo geni. Ngano ngapi tumezihakiki kwenye karatasi bila kumsikia fanani? Lakini chumvi yenyewe naijua. Nimekulia Bagamoyo, jirani na mashamba ya chumvi, na nitarudi huko kabla ya kumaliza.

Kazi ya kwanza ni Spiral Jetty ya Mmarekani Robert Smithson. Mwezi Aprili 1970, kwa malori na matrekta ya kukodi, zaidi ya tani 6,000 za mawe meusi ya volkano na udongo zilimwagwa ndani ya Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililoko jimbo la Utah. Likatokea gati lenye urefu wa mita 460 hivi na upana wa mita nne na nusu, limejizungusha mithili ya gamba la konokono. Haikupita miaka mingi maji yakapanda, yakalifunika. Mwaka 1973 Smithson akafa katika ajali ya ndege, akiwa na umri wa miaka 35. Kwa sehemu kubwa ya miaka thelathini gati lile lilikaa chini ya maji. Ukame ulipoyashusha maji, mwaka 2002 likaibuka, na mawe yaliyoingia meusi yakatoka yamevaa nyeupe.

Hapo mhakiki yeyote lazima asisimke. Mtunzi amekufa kweli, si kwa nadharia, na chumvi imeiandika kazi yake upya. Na mimi nilipoiona picha mara ya kwanza niliishia hapo hapo, nikadhani nimehakiki.

Hebu tuutazame mwandiko huo kwa karibu. Maji ya upande ule wa ziwa yana rangi ya waridi, kwa sababu ya viumbe vidogo sana vinavyopenda chumvi kali, na rangi hiyo ni moja ya mambo yaliyomvutia Smithson pale. Kwa nini basi chumvi ya kaskazini ni kali kuliko ya kusini, ilhali ziwa ni moja? Jibu ni reli. Tuta la mawe la kupitishia treni, lililokamilika mwaka 1959, lililikata ziwa vipande viwili. Mito mikubwa inaingia upande wa kusini, na kaskazini hupata maji baridi kidogo tu. Kwa hiyo rangi tunayoisifu kuwa ya maumbile ilikolezwa na wajenzi wa reli. Hata kushuka kwa maji si kazi ya jua peke yake. Maji ya mito huchukuliwa kwa ajili ya mashamba na miji kabla hayajafika ziwani. Mwaka 2022 ziwa lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kurekodiwa, na aliyekwenda kuliona gati alitembea mahali pakavu, ukingo wa maji ukiwa mbali. Kumbe chumvi ilikuwa na waandishi wengi, ila hawakutia sahihi.

Kazi ya pili ni Seizure ya Mwingereza Roger Hiorns, ya mwaka 2008. Jina lake linaweza kumaanisha kutwaliwa kwa nguvu, au kushikwa na kifafa. Hiorns alichukua nyumba ndogo katika jengo la halmashauri huko London kusini, jengo tupu lililokuwa likisubiri kubomolewa. Ndani yake zikamiminwa lita 75,000 za maji ya moto yaliyokolezwa mrututu, ule ule wa buluu ambao wazee wetu waliujua kama dawa ya vidonda. Maji yakapoa taratibu kwa wiki kadhaa, kisha yakanyonywa. Kilichobaki ni fuwele za buluu kila mahali: ukutani, darini, hata ndani ya bafu. Watazamaji waliingia wamevaa mabuti ya mpira.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba fani na maudhui ni kama kikombe na chai: kimoja hubeba, kingine hubebwa. Sasa hapa chai imegandia kikombeni mpaka huwezi kuitoa bila kukwangua. Fuwele bila ile nyumba ni pambo la dukani. Nyumba bila fuwele ni banda la kubomolewa ambalo hakuna ambaye angepanga foleni kuliona. Maana inazaliwa pale vinapong'ang'aniana: makao ya watu wa kipato cha chini yamekuwa johari siku ile ile yalipokoma kuwa makao. Nani aliwahi kuoga katika bafu lile? Fuwele hazijibu. Kwa uzuri wao, zinatufanya tusahau hata kuuliza.

Mwaka 2011, kabla ya jengo kubomolewa, chumba kile kiling'olewa kizima, na mwaka 2013 kikawekwa katika bustani ya sanamu huko Yorkshire. Nakubali kwamba bila hivyo kazi ingepotea. Lakini huo ni uhamisho wa maana pia. Mtaa umeondolewa, na mtazamaji amebakiwa na buluu. Ni kama ngano iliyonakiliwa vizuri kitabuni: maneno yote yapo, kijiji hakipo.

Narudi Bagamoyo kama nilivyoahidi. Wakati wa bamvua maji ya bahari huingizwa kwa mifereji kwenye majaruba, yakaachwa juani. Siku zinapita, maji yanapungua, mwishowe fuwele zinajitokeza kama zilivyojitokeza juu ya mawe ya Smithson, kwa kanuni ile ile. Shangazi yangu alizikwangua kwa miaka mingi. Nyayo zake zilipasuka kwa chumvi, na ukimwambia kwamba chumvi inajitengeneza yenyewe angekucheka. Mvua ikinyesha kabla ya wakati, yote yanayeyuka, na hakuna anayeliita hilo mabadiliko ya polepole yenye falsafa. Ni hasara.

Wapo watakaoniambia: shangazi yako si msanii, alitafuta chakula. Sawa. Simdai cheo hicho. Ninachosema ni kwamba yeye amenipa jicho la kuzisomea kazi hizi. Kila ninapoona fuwele, nauliza nani alichimba mfereji.

Je, kazi hizi mbili ni dhaifu basi? La hasha. Kwa maoni yangu Spiral Jetty ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu imebaki mahali pake na inaendelea kushtakiwa na mahali hapo. Reli, mashamba na ukame vinaonekana juu ya mawe yale kwa anayetaka kuviona. Seizure ilikuwa na nguvu kama hiyo London. Yorkshire imebaki na uzuri, na swali lake limefifia. Kosa ni letu wahakiki tunapovikabidhi vyote kwa "maumbile" na kujiona tumemaliza kazi.

Barthes alituambia mwandishi amekufa ili msomaji azaliwe. Mimi naongeza ombi dogo: kabla ya kumzika, tuhesabu kwanza waandishi walikuwa wangapi. Wenye maoni tofauti, kurasa ni zenu. Mjadala uendelee.