Mkate wa Tini na Kikombe cha Methadoni

Mfalme Hezekia alipougua, Mungu alisikia sala yake. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa hazikugombana.

Leo tumezigombanisha. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Arosto hutulia, naye aweza kufanya kazi na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na tafiti za miaka mingi zimeonyesha kuwa inapunguza vifo. Lakini katika baadhi ya soba hauzi, na hata mimbarini, mgonjwa huyo huambiwa amebadilisha kamba tu, angali mfungwa.

Hoja hiyo ina sura ya utakatifu, ila ni ya hatari. Aliyeachishwa heroini kwa miezi kadhaa, mwili wake hupoteza uzoefu. Akirudia kipimo cha zamani, aweza kufa siku hiyo hiyo. Nasi tutamzika tukisema imani yake ilikuwa haba.

Ni kweli, methadoni haimpi mtu ndugu wala tumaini. Hayo kanisa linayo, na liyatoe bila kumnyang'anya mgonjwa kikombe chake. Kabla ya kumpeleka kijana wetu katika nyumba yoyote, tuulize: Kuna mganga? Methadoni inaruhusiwa? Na waliotoka hapa, wako wapi leo?